Simu Moja, Watu Mia: Historia Fupi ya Vifaa vya Bei Nafuu Vilivyotubeba



Kila tunapoitwa kwenye mkutano kuhusu teknolojia kwa wakimbizi, swali la kwanza huwa lile lile: mnahitaji programu gani? Swali si baya. Shida ni kwamba linaanzia katikati ya safari, kana kwamba kabla ya simu za kioo watu wetu walikuwa wamekaa tu wanasubiri. Hawakukaa. Wazazi wetu walishika kila kifaa kilichopita karibu nao, na mara nyingi walikipa kazi ambayo aliyekitengeneza hata hakuiwaza. Leo tunasimulia historia hiyo, toka redio mpaka MoMo, kwa sababu inatuhusu sisi wa sasa hivi.

Tuseme mapema tulichokiona. Kifaa cha bei nafuu peke yake hakijamwinua mtu. Kila kilipofanya kazi kulikuwa na mambo matatu: watu wengi walikishirikiana, kulikuwa na mtu wa katikati wa kuaminiwa, na mtumiaji alitambulika kwa jina lake. Hilo la tatu ndilo linalotusumbua mpaka leo, tutafika.

Redio: sauti inayoua, sauti inayokusanya

Tuanze na upande mchungu, maana historia isiyosema uchungu ni tangazo tu. Miaka ya 1990 redio ndogo ya betri ndiyo ilikuwa teknolojia ya maskini. Redio moja ilitosha nyumba nzima, na jirani akisogeza kiti anasikia naye. Julai 1993 kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo hapa Kigali. Muziki mzuri, utani mwingi, lugha ya mtaani. Mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio hiyo hiyo ilitaja watu kwa majina ili wauawe. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu viongozi wake.

Sasa tazama. Mwaka huo huo wa 1994, kwenye redio zile zile za betri, BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachokutanisha familia. Kilikuwa kinasoma majina: fulani, mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, yuko hai, anatafuta ndugu zake. Upande wa Bukavu, Agosti 1994, ikaanza Redio Agatashya, jina la mbayuwayu kwa Kinyarwanda, kwa ajili ya watu waliojaa kwenye kambi za Kivu. Ilidumu mpaka vita vilipofika Bukavu, Oktoba 1996. Watu walewale waliokuwa nyuma yake, shirika la Fondation Hirondelle la Uswisi, ndio walioshirikiana na Umoja wa Mataifa kuanzisha Redio Okapi huko Kongo, Februari 2002. Hiyo wengi wenu mmekua nayo.

Redio moja ilisoma majina ili watu wauawe, nyingine ilisoma majina ili watu wapatikane. Kifaa ni kile kile, betri ni zile zile. Tofauti ilikuwa kwa aliyeshika kipaza sauti na alichokusudia. Wale wanaosema teknolojia ni nzuri tu, au ni mbaya tu, hii ndiyo jibu lao. Na sisi tunaopokea kila siku sauti na video za chuki dhidi ya kabila hili au lile kwenye simu zetu, tukumbuke kwamba anayebonyeza kutuma kwa wengine naye ameshika kipaza sauti.

Pamoja na redio kulikuwa na karatasi. Msalaba Mwekundu ulikuwa na fomu ya kuandikia ndugu: habari za familia tu, hakuna siasa, haifungwi ili isomeke kabla ya kupita. Karatasi ile ilivuka mipaka ambayo posta haikuvuka. Picha za watoto waliopotezana na wazazi zilibandikwa kwenye mbao kambini, watu wanapita mstari kwa mstari wakitafuta sura. Leo tungesema hiyo si teknolojia. Lakini kwa mama aliyeona picha ya mtoto wake pale, ilikuwa kubwa kuliko simu yoyote.

Foni: kusema mbele ya watu wote

Waliotoka Walikale, Shabunda, Minembwe na sehemu nyingine za ndani ya Kivu wanaikumbuka foni. Si simu. Ni redio ya mawimbi mafupi, ina waya mrefu umefungwa kwenye mti, inatumia betri ya gari, na pengine kuna paneli ya jua juu ya paa. Wamisionari walikuwa nayo, wafanyabiashara walikuwa nayo, na mwenye nayo aliuza dakika. Kule hakukuwa na barabara wala waya wa simu, kwa hiyo bei ya mihogo, ya dhahabu, habari ya msiba, ndege inakuja lini, vyote vilipita hapo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Unafika, unamwambia mwendeshaji: nataka kuongea na kaka yangu Bukavu. Yeye anamwita mwendeshaji mwenzake wa Bukavu, mtoto anatumwa mtaani kumtafuta kaka, mnapangiana saa. Saa ikifika mnaongea kwa zamu, mmoja akimaliza ndipo mwingine anajibu, na chumba kizima kinasikia. Kila aliye kwenye wimbi hilo anasikia pia. Ndiyo maana watu walijifunza kuongea kwa mafumbo. Unasema "mgonjwa amepona" na maana yake mzigo umefika.

Tukiangalia vizuri, uchumi mzima wa foni ulisimama juu ya mwendeshaji. Akiwa mwongo, biashara imekufa. Akitoa siri zako kwa wenye silaha, pengine wewe umekufa. Mashine ilikuwa moja kwa wilaya nzima, na kilichoifanya ifae ni kwamba watu walimwamini yule mtu.

Simu ya mezani barabarani, na sheria za kubipu

Hapa Rwanda simu za mkononi zilianza 1998 na MTN. Mwanzoni zilikuwa za wakubwa. Mtu wa kawaida alifikiwa kwa njia nyingine: Tuvugane, maana yake tuongee. Vijana walisimama kando ya barabara za Kigali wakiwa na simu inayofanana kabisa na ile ya mezani ofisini, ila haina waya, inatumia mtandao wa simu za mkononi. Unaongea, unalipa kwa dakika ulizotumia, unaondoka. Hununui simu, hununui laini.

Wazo la simu moja kwa watu wengi lilikuwa na ndugu zake mbali. Bangladesh, mwaka 1997, benki ya Grameen ilianza kuwakopesha akina mama wa vijijini wanunue simu na kuuza dakika kwa majirani. Mwaka 2003 mpango huo ukaja Uganda kwa kushirikiana na MTN, na baadaye ukafika Rwanda. Mama alipata simu, antena ndefu ya kuvuta mtandao dhaifu, na betri ya gari. Deni alilipa kwa faida ya dakika.

Baadaye simu za mkono wa pili zikawa rahisi, lakini yunite zikabaki ghali. Watu wakavumbua kubipu. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Hujalipa chochote. Miaka ile mtafiti mmoja Mmarekani, Jonathan Donner, alikuja Kigali kuongea na wafanyabiashara wadogo, na mwaka 2007 akachapisha makala kuhusu sheria za kubipu. Ndiyo, sheria! Kubipu kunaweza kuwa "nipigie," kunaweza kuwa "nimefika, toka nje," kunaweza kuwa "nakukumbuka tu." Mwenye uwezo ndiye anayerudisha simu. Kijana hambipu msichana anayemchumbia, maana atajulikana hana kitu. Hakuna kampuni iliyoandika sheria hizo. Watu wasio na pesa walichukua tundu dogo katika mfumo wa malipo, wakalifanya lugha.

Vocha iliyogeuka pesa

Hapa ndipo historia inapendeza. Wengi wetu tumeambiwa pesa za simu ni uvumbuzi wa kampuni kubwa. Si uongo, lakini ni nusu ya habari.

Kabla ya hapo, Uganda, watu walikuwa tayari wanatuma pesa kwa simu bila huduma yoyote ya pesa za simu. Kijana yuko Kampala, mama yake yuko kijijini. Kijana ananunua vocha, haikwangui kwa ajili yake. Anampigia mwenye simu ya kijiji, anamsomea namba za siri za vocha. Yule anaziingiza kwenye simu yake, anajua atauza dakika hizo kwa wanakijiji, kisha anamwita mama na kumpa noti mkononi, akikata kidogo kama malipo yake. Tayari, pesa imefika. Hakuna benki, hakuna fomu. Watafiti waliona mambo kama hayo katika nchi kadhaa za Afrika mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Serikali ya Uingereza ikasaidia gharama za majaribio ya Vodafone na Safaricom nchini Kenya. Majaribio yenyewe yalilenga kitu kingine: watu warudishe mikopo midogo kwa simu. Lakini waliopewa simu za majaribio wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kampuni ikaona, ikageuza mpango. Machi 2007 M-Pesa ikazaliwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Miezi michache baadaye, katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliokwama kwenye mitaa ya Nairobi walisaidiwa na ndugu zao kwa njia hiyo. Huduma ikavuka mipaka: Tanzania 2008, Uganda 2009, na hapa Rwanda MTN ikaanzisha MoMo Februari 2010. Kongo ilipata M-Pesa ya Vodacom mwaka 2012.

Na ona kwamba haikudai simu ya kioo. Unabonyeza *182# kwenye simu ya tochi, hata bila mega moja ya intaneti, na menyu inakuja. Bibi asiye na WhatsApp anapokea pesa sawa na mjukuu wake. Machi 2020, korona ilipofunga nchi, Rwanda iliondoa kwa muda makato ya kutuma pesa kwa simu. Hapo hata muuza nyanya akajifunza kupokea malipo bila kugusa noti, na hajarudi nyuma.

Pesa ikaingia kambini

Sisi wa mjini tuna maisha yetu, lakini wengi wetu tuna ndugu kambini au tumelelewa huko. Kambi ya Gihembe ilifunguliwa 1997 kwa ajili ya Wakongomani. Kwa miaka mingi chakula kilikuja kwa magunia: mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Anayehitaji sabuni au dawa ya mtoto aliuza mahindi kwa bei ya hasara. Mwanzoni mwa 2014 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa pesa badala ya magunia pale Gihembe, zikipitia simu ya mkononi. Baadaye kambi nyingine zikafuata.

Watu walibishana sana. Wanaume watakunywa! Bei sokoni itapanda! Basi mwaka 2016 wataalamu wa uchumi, akiwemo J. Edward Taylor wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, walichapisha utafiti wao kuhusu kambi tatu za Wakongomani hapa Rwanda. Walikuta kwamba kila mkimbizi mtu mzima anayepokea msaada wa pesa aliongeza mapato ya eneo lile, wenyeji na wakimbizi pamoja, kwa dola kati ya 205 na 253 kwa mwaka. Msaada aliopokea yeye ulikuwa dola 120 hadi 126. Yaani dola moja iliyoingia mkononi mwa mama wa Gihembe ilizunguka kwa muuza mboga, kwa fundi, kwa mwenye kinu, ikazaa. Gunia la mahindi halizunguki hivyo.

Lakini simu haijazi sufuria kama pesa iliyotumwa ni ndogo. Na namba kwenye kioo si noti. Mwanzoni mwa 2025, benki za Goma zilipofungwa kwa sababu ya vita, watu walikuwa na pesa kwenye simu lakini noti zikawa adimu kuzipata. Tumerudi pale pale kwenye foni: bila mtu wa katikati mwenye uwezo na uaminifu, mashine ni sanduku tu.

Jina kwenye laini

Sasa tufike Kimironko ya leo. Pita sokoni, sehemu ya mafundi wa kushona. Mteja anatuma picha ya mshono kwenye WhatsApp, analipa nusu kwa MoMo, nguo ikiisha motari anaipeleka. Likelemba za mama zetu, au ibimina kama wanavyosema wenyeji, zimeingia kwenye simu: kila Jumapili mchango unatumwa, katibu anaandika majina kwenye kundi, wote wanaona. Yote ni vifaa vya bei nafuu, na yote yanaendeshwa na watu wenyewe. Tungeweza kumalizia hapa kwa furaha.

Lakini mwaka 2013 Rwanda ilisajili laini zote za simu kwa kitambulisho. Sababu inaeleweka, usalama na wizi. Kwa mkimbizi asiye na kitambulisho, maana yake ilikuwa moja: omba laini ya mtu. Laini ya mwenye nyumba, ya rafiki wa kanisani, ya bosi. Mwaka 2018 serikali na UNHCR walifanya uhakiki wa wakimbizi nchini, na vitambulisho vya wakimbizi vikatolewa kwa wengi, kuanzia umri wa miaka 16. Hilo lilikuwa jambo kubwa, tunalishukuru. Bado kuna wanaosubiri: aliyefika karibuni, ambaye faili lake halijajibiwa, aliyepoteza kadi, aliyetimiza miaka 16 na hajui pa kuanzia.

Fikirieni maana yake. Akiba yako iko kwenye laini ya mtu mwingine. Simu ikiibiwa, huwezi kurudisha namba bila yeye kwenda dukani na kitambulisho chake. Mkikosana, au akihama, au akifa, umepotea. Toka 2017 MTN ina MoKash, inayokopesha mtu kwa kutazama jinsi anavyotumia simu yake. Wewe unaweka, unalipa, unajitahidi miaka mitatu, na sifa nzuri inakua chini ya jina la mwingine. Kwenye mashine wewe hupo. Redio ya 1994 ilitafuta watu kwa majina yao. Sisi leo tuna simu mfukoni, na wengine wetu wanaishi ndani yake kwa jina la kuazima.

Kwa hiyo tufanye nini

Kwa nyinyi wa mashirika, tunawaomba kwa heshima: kabla ya kuleta programu mpya, njooni mkae siku moja na mama wa likelemba, na wakala wa MoMo, na fundi. Muulize wanatumia nini tayari na kinakwama wapi. Programu inayohitaji simu ya laki moja na mega kila siku itawafikia waliokwisha fika. Menyu ya simu ya tochi itawafikia wote. Na pesa mnayotaka kuweka kwenye programu, sehemu yake iwekwe kwenye kazi isiyo na picha nzuri: kumsindikiza kijana ofisini mpaka apate kitambulisho.

Kwa sisi vijana: kila mwenye kitambulisho aangalie wiki hii laini anayotumia imeandikwa jina la nani. Kama si lako, anza safari ya kuihamisha, na kama haiwezekani, nunua nyingine na uhamishe akiba kidogo kidogo. Wafundisheni mama zetu kuweka namba ya siri wenyewe. Mtoto wa jirani kumtolea mama pesa kila mara ni msaada leo, na ni hatari kesho. Na kwenye makundi ya likelemba, katibu wawe wawili, daftari la karatasi libaki, maana simu huzimika.

Wazazi wetu waliweka uaminifu juu ya redio, juu ya karatasi, juu ya vocha ya kukwangua, na vikafanya kazi. Uaminifu huo bado tunao hapa Kimironko. Kilichobaki ni kila mmoja aandikwe kwa jina lake.